Mayige Ataamka Saa Kumi

Ijulikane kwa wote watakaosoma maneno haya, wakubwa kwa wadogo, wa serikalini na wa mitaani, ya kwamba siku ile ya Jumanne, saa nane na dakika kumi na mbili mchana, usalama wa nchi yetu tukufu ulikuwa mikononi mwa mwanaume mmoja tu.

Mwanaume huyo alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya marobota ya pamba, ameibana pua kwa vidole viwili, akimwomba Mungu asipige chafya.

Jina lake Cyprian. Jina la kazini, Kobe.

Alikuwa na bastola aina ya Glock, redio ya Motorola yenye ukubwa wa kiberiti, kalamu inayopiga picha, na saa ya mkononi yenye uwezo wa kukata nondo. Kalamu ilikuwa imevujia wino mfuko wa shati tangu asubuhi. Nondo za kukata alikuwa bado hajazipata.

"Kobe, Kobe." Redio ilinong'ona sikioni. "Unanipata?"

Alikuwa Mlezi, bosi wake wa Dodoma, mwanamke ambaye hata salamu aliitoa kama barua ya kuachishwa kazi.

"Nakupata, Mlezi."

"Tumewatafuta akina Mayige kutwa nzima. Tumepata mia mbili na watatu. Wote wako macho. Wewe unamjua yupi?"

Asubuhi ile makao makuu yalikuwa yamenasa ujumbe mmoja. Ulitoka kwenye simu ya Mheshimiwa Jeremia Mwandu, mgombea ubunge, kwenda kwa mpambe wake aitwaye Kristofa. Maneno manne tu.

Mayige ataamka saa kumi.

"Kobe? Nimekuuliza. Unamjua yupi?"

Cyprian akabana pua zaidi.

Alimjua mmoja. Huyo asingeweza kuamka. Alikuwa amekufa miaka mitano iliyopita, na Cyprian alikuwa ndani ya gari, mita themanini, akitazama.

*

Ghala lile la pamba lilikuwa nje kidogo ya Lamadi, jirani na barabara kuu. Harufu ya samaki iliingia dirishani, vumbi la pamba likaelea juani. Upande wa pili wa marobota, watu wawili walikuwa wamesimama.

Mmoja alikuwa Mheshimiwa. Suti ya kijivu, viatu visivyojua tope.

Wa pili alikuwa Kristofa. Miwani ya jua, simu ya Tecno mkononi, mtoto wa Dar es Salaam aliyeletwa Simiyu kwa ajili ya kampeni na ambaye mpaka siku ile alidhani mbina, ngoma ya Wasukuma, ni aina ya ng'ombe.

"Kata zote zimeshahesabiwa, Mheshimiwa," Kristofa alisema. "Imebaki Mwalugoye. Yule msimamizi, Mama Rhoda, amejifungia na fomu za matokeo kwenye ofisi ya kata, yeye na watu kumi na mmoja. Wanahesabu upya. Nasikia hali yetu si nzuri."

"Fomu zikiungua, hali inakuwaje?"

"Inakuwa... haijulikani."

"Basi haijulikani ni nzuri kuliko si nzuri."

Ieleweke kuwa mgombea mwenzake hakuwa malaika. Yeye alikuwa ameshajitangazia ushindi mtandaoni tangu saa tatu asubuhi, pamoja na kura za kata ambayo masanduku yake yalikuwa bado na lakiri. Tangu hapo vijana wa pande zote mbili walishinda barabarani wakikodoleana macho.

"Na watu wakiumia?" Kristofa aliuliza.

"Nani kawaumiza? Mimi nitakuwa nyumbani Bariadi nakunywa chai. Sauti si yangu, kiberiti si changu. Nikiulizwa, nitasema wananchi wana hasira. Na kesho nitakwenda msibani nilie kuliko wafiwa. Hebu nisikie tena."

Kristofa akagusa simu.

Sauti ikatoka. Ndefu, ya kooni, ikapanda, ikakatika mara mbili, ikapanda tena.

Cyprian akasahau kubana pua.

Ilikuwa sauti ya Mayige.

Mwisho wake kulikuwa na kicheko. Kifupi, chembamba, kama cha mtoto. Kicheko hicho hakina umuhimu wowote katika hadithi hii. Tuendelee.

*

Kwa asiyejua, ule ni mwano, yowe la Wasukuma. Wezi wa ng'ombe wakiingia, aliyewaona hupiga mwano. Anayeusikia huupokea na kuupeleka mbele, kilima hadi kilima, na kila mwanaume mwenye miguu hutoka na alichokishika. Asiyetoka atajieleza.

Miaka mitano iliyopita hakukuwa na wezi wa ng'ombe Mwalugoye. Kulikuwa na uchaguzi, na wagombea wawili, kila mmoja akilia kuibiwa. Mayige, mkulima wa pamba mwenye koo la kusikika maili mbili, aliambiwa kuwa wezi wa kura wamo ndani ya ofisi ya kata. Nani alimwambia? Haijulikani. Faili lilifungwa hivyo: haijulikani.

Mayige akapiga mwano. Watu mia nne wakaja. Mtu akatupa moto.

Ndani alikuwamo karani mmoja, Raymond, kijana aliyehamishiwa huko kutoka Moshi. Mlango uliwaka. Madirisha yalikuwa na nondo. Raymond alizishika kwa mikono miwili, akawa anawaita watu kwa majina.

Cyprian alikuwa kwenye gari. Amri ya siku ile ilikuwa fupi. Tazama, usiguse.

Alitazama.

Mayige ndiye aliyekimbilia ndani. Yeye aliyewaita watu ndiye aliyekwenda kumtoa karani, na paa likawashukia wote wawili.

Tangu siku hiyo Cyprian aliisikia ile sauti kwenye maji ya bafu. Kwenye breki za malori. Mara moja aliisikia kanisani katikati ya ubatizo wa mwanawe, akatoka mbio, mkewe akawaambia watu ni tumbo.

*

Mheshimiwa aliondoka na V8 yake kuelekea Bariadi. Kristofa akabaki peke yake, akifunga spika nne juu ya Hilux ya matangazo.

Wakati mwafaka wa kushambulia ulikuwa umefika.

Cyprian akapiga chafya.

Chafya moja kubwa, ya kihistoria. Pamba ikaruka.

"Nani?" Kristofa akapiga kelele, lakini hakungoja jibu. Akaruka kwenye Hilux. Injini ikanguruma, mlango wa ghala ukang'oka bawaba.

Cyprian akatoka mbio, ameota pamba kichwani kama mzee wa miaka tisini. Pikipiki yake ya Boxer ilikuwa nyuma ya ghala. Akairukia.

"Mlezi! Nimejua. Mayige ni sauti. Wanataka kuipiga Mwalugoye saa kumi, watu waje, vijana wao wachome ofisi katikati ya umati. Ndani kuna watu kumi na wawili. Naomba ruhusa."

Redio ilikwaruza.

"Kobe. Huyo ni mtu mkubwa. Huenda kesho ni Mbunge."

"Naomba ruhusa."

"Tazama, usiguse."

Upepo ulimpiga usoni. Mbele, vumbi la Hilux lilikuwa linazidi kuwa dogo.

"Mlezi, unakatika."

"Sikatiki. Nakusikia vizuri kabisa."

"Unakatika sana, Mlezi."

Akaichomoa Motorola sikioni, akaitupa kwenye shamba la pamba.

Akarusha droni kutoka kwenye begi ili imwonyeshe njia. Ilipaa mita arobaini kwa fahari. Mwewe akaidaka, akaondoka nayo upande wa ziwani.

Kilomita sita baadaye, karibu kabisa na Mwalugoye, akakuta ng'ombe.

Walikuwa zaidi ya mia, wanavuka barabara, hawana habari na usalama wa nchi. Nyuma yao mwanaume mrefu, fimbo begani, filimbi ya ulinzi wa sungusungu shingoni.

"Mzee, toa ng'ombe! Haraka!"

Yule mtu akamtazama. Akatazama pamba kichwani. Akatazama wino kifuani.

"Kwenu hamsalimii?"

"Nina haraka, ni jambo la serikali!"

"Na serikali haisalimii?"

Cyprian akazima injini, akasalimu kwa Kisukuma. "Mwadila, bhabha."

"Mwadila, ng'wanone. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mke? Watoto? Mifugo?"

"Wote wazima, mzee, sina mifugo, nakuomba!"

"Pole kwa kukosa mifugo," yule mtu akasema kwa huruma ya kweli, akapiga mluzi mmoja. Ng'ombe wakagawanyika.

Saa ilikuwa tisa na dakika hamsini na nne.

*

Alichelewa.

Kristofa alikuwa ameshaipandisha Hilux kwenye kilima cha mawe juu ya kijiji. Chini, ofisi ya kata ilionekana yote. Kuta mpya, bati jipya, na nondo zilezile za zamani, zilizochomolewa kwenye majivu na kurudishwa dirishani kwa sababu zilikuwa bado nzima. Nyuma ya nondo, Mama Rhoda alikuwa ameinama juu ya karatasi.

Kwenye mashine ya kusaga, vijana ishirini walikaa juu ya madumu ya petroli.

Saa kumi kamili.

Mayige akaamka.

Sauti ilitoka kwenye spika nne, ikashuka kilimani, ikapita juu ya mabati, ikaingia kwenye pamba. Ikapanda, ikakatika mara mbili, ikapanda. Kisha kile kicheko, ambacho nimeshasema hakina umuhimu. Kisha sauti tena kutoka mwanzo.

Shambani, watu wakainuka. Mmoja, kumi, mia. Majembe, fimbo, mapanga. Wakatoka majumbani. Wakatoka kisimani.

Cyprian aliiacha pikipiki ikianguka, akakimbilia ofisini, akasimama mbele ya dirisha la nondo. Mama Rhoda akainua macho.

"Wewe nani?"

"Usitoke kwanza, mama. Mlango wa nyuma upo?"

"Hakuna. Tuliomba bajeti." Kalamu yake haikuacha kuandika. "Wanakuja kutuchoma, siyo?"

 Cyprian aliishika nondo. Ilikuwa ya moto kwa jua la siku nzima.

Akangoja umati uitikie. Ndivyo inavyokuwa. Anayesikia huitikia.

Hakuna aliyeitikia.

Watu mia nne walikuwa wamesimama pale walipofika, vichwa vimeelekea kilimani. Wanaume walikuwa wanavua kofia.

Kristofa hakujua jambo hili, na Mheshimiwa, aliyezaliwa hapohapo Simiyu, alikuwa amekaa kwenye viyoyozi mpaka akalisahau. Mwano una mwenyewe. Kijijini watu wanajua koo la nani limelia, kama unavyojua hatua za mama yako ukiwa chumba cha pili. Wale watu walikuwa wamebeba jeneza la sauti ile.

Mwanamke mmoja akatoka kwenye kundi, ameshika ungo wa dagaa. Alikuwa Mama Stephania, mjane.

"Huyo ni mume wangu," alisema.

Yule mwenye ng'ombe alikuwa amefika, filimbi shingoni. Huyo alikuwa Marcelo, mkuu wa sungusungu wa Mwalugoye. Akausogelea uso wa Mama Stephania, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Ni yeye, mayu?"

"Ni yeye. Hapo anapokatika mara mbili, alikuwa na pumu."



"Safari ile tuliitikia," Marcelo alisema, na hakuna aliyeuliza safari ipi. "Mwano ukilia, kwanza unamfuata aliyepiga, unamuuliza ameona nini. Ndiyo desturi. Safari ile hatukuuliza. Tulikwenda moja kwa moja kwenye moto." Akageuka kilimani. "Leo tutauliza."

Wakaanza kutembea. Walikwenda polepole kama wanaokwenda kuzika, na kwa mara ya kwanza tangu ijengwe upya, ofisi ya kata ikawa nyuma ya migongo yao. Vijana ishirini wakabaki peke yao na madumu yao, uwanja mtupu, kila mtu anawaona. Mmoja akasimama, akajipangusa suruali, akaenda zake. Kisha wa pili.

*

Kristofa aliwaona wanakuja kwake. Aliwasha gari, likazima. Akawasha, likazima. Mkono wa Cyprian ukapita dirishani ukachukua ufunguo.

"Mimi natumwa tu, braza," Kristofa alisema. "Mbona wananifuata mimi?"

"Hawakufuati wewe."

Umati ukaizunguka Hilux. Mama Stephania akatua ungo chini. Akaiuliza spika kwa Kisukuma, kwa upole, kama anavyoulizwa kila mpiga mwano:

"Umeona nini? Wamepita wapi?"

Mayige akalia tena. Mtoto akacheka tena. Kristofa akaanza kutokwa na machozi chini ya miwani.

Ndipo mwano ukakatika, na kwaya ya harusi ikapasuka kwenye spika zote nne.

Ilikuwa simu inaita. Tecno ilikuwa imeunganishwa na spika, na kwenye kioo liliandikwa jina moja: Mhe.

Cyprian akabonyeza kitufe cha kijani.

"Vipi, wameamka?" mbingu ya Mwalugoye iliuliza.

Kristofa alitazama nyuso mia nne. "Wameamka, Mheshimiwa."

"Mbona sioni moshi mtandaoni? Hao vijana niliowapa petroli wanangoja mvua? Yule mama asitoke na zile fomu."

"Yumo ndani. Na watu kumi na mmoja."

"Kwani mimi nimemwambia aingie?"

 Mama Stephania akasogea karibu na dirisha la gari.

"Mwadila, Mheshimiwa."



"Nani huyo?"

"Mke wa Mayige. Ulikuja msibani kwetu. Ulilia sana, watu wakakushika." Alivuta pumzi. "Mume wangu amepiga mwano, nasi tumekuja. Lakini yeye hatujibu. Basi nakuuliza wewe uliyemwamsha: wezi wamepita wapi?"

Kule Bariadi, kijiko kilianguka kwenye kisahani. Kilikuwa kijiko kidogo cha shaba kilichopinda mpini, na chai ya tangawizi ilimwagikia kitambaa cheupe cha meza.

Simu ikakatwa.

Marcelo hakupaza sauti. "Apigaye mwano wa uongo hasalimiwi," alisema. "Hapewi moto. Msiba wake ni wake peke yake. Mmesikia wote?"

Wote walikuwa wamesikia.

Saa kumi na moja na robo, Mama Rhoda alitoka ofisini na fomu kifuani. Watu wakampisha njia. Wengine walishindwa kumtazama.

Cyprian akachomoa kadi ya kumbukumbu kwenye ile Tecno. Ushahidi. Mama Stephania alikuwa bado amesimama hapo.

"Baba," alimwita. "Miaka mitano sijaisikia sauti yake. Hata picha hatukuwa nayo."

Cyprian akaitazama kadi. Akaiweka kwenye kiganja cha mjane.

Jioni, kwa simu ya kuazima, Mlezi aliuliza, "Ushahidi uko wapi?"

"Umekwenda nyumbani kwa Mayige."

Cyprian akavaa miwani ya jua, akawasha Boxer, akaondoka bila kugeuka nyuma.

*

Hapo ndipo hadithi ilipaswa kuishia. Nilikuwa nimeshaweka nukta.

Lakini kesho yake asubuhi Boxer ilisimama mbele ya nyumba ya Mheshimiwa, Bariadi. Mheshimiwa alikuwa ameitwa polisi. Geti likafunguliwa na binti wa miaka kumi na sita, aliyekuwa nyumbani kwa sababu shule yake ya bweni ilikuwa imemsimamisha kwa wiki mbili. Kosa: kuficha simu bwenini, na kuwaamsha wenzake alfajiri kwa sauti ya kutisha mpaka wakavunja dirisha.

Cyprian alimtazama. "Cheka," alisema.

"Shikamoo. Nicheke nini?"

"Cheka tu."

Sikuweza.

Ndiyo, ni mimi. Anjela Jeremia Mwandu. Kijiko nakijua kwa sababu nilikipinda mwenyewe kufungulia kopo, na chai niliimimina mimi. Mambo ya ghalani, baba alikuwa ameshayarudia sebuleni kwa simu mara tatu. Mengine Cyprian alinieleza tukiwa tumekaa kwenye ngazi. Droni hakuna. Mwewe nimemtunga mimi. Kalamu ilikuwa kalamu. Na hakuna saa ya kukata nondo. Kuna msumeno wa kawaida wa chuma, ambao amekuwa akitembea nao kwenye begi kwa miaka mitano. Alinionyesha. Haujawahi kutumika.

Sauti ile niliirekodi mimi. Nilikuwa nayo kwenye simu tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja. Baba aliniuliza wiki iliyopita, "Ile sauti ya yule mzee bado unayo?" Nikamtumia hapohapo, na kikatuni cha kucheka. Sikuuliza ya nini. Nilituma tu.

"Uliirekodi ukiwa wapi?" Cyprian aliuliza.

Nikamwambia nimesahau. Akangoja. Ana subira mbaya yule mtu.

"Nani alimwambia Mayige apige?" aliuliza. "Kwenye faili tumeandika haijulikani."

Inajulikana.

Tulikuwa kwenye gari, chini ya kile kilima. Baba alishusha kioo, akamwita Mayige kwa jina lake, akamwambia: wezi wako ndani, piga. Mayige akaweka mikono mdomoni. Mishipa ya shingo ilimtoka kama kamba, na mimi kiti cha nyuma, simu mkononi, niliona anachekesha.